Kifauongo cha pakiti na kifauongo cha kiriba

Mwezi Machi mwaka huu nilinunua kifauongo mara mbili, na manunuzi hayo yalitofautiana kiasi kwamba nimeona ni haki kuyaandikia tathmini moja. Mara ya kwanza niliagiza mtandaoni pakiti iliyotoka nje ya nchi, yenye mbegu 20, vidonge kumi vya makumbi ya nazi yaliyosagwa na kugandamizwa, pamoja na karatasi ya maelekezo, kwa Sh 25,000, nikaongeza Sh 5,000 za kuletewa hadi shuleni. Mara ya pili, baada ya wiki tatu za kusubiri bila mafanikio ya maana, nilikwenda kwenye kitalu kimoja cha miche kando ya Barabara ya Bagamoyo, hapa Dar es Salaam, nikanunua viriba vitatu vya mmea huohuo kwa Sh 3,000 kila kimoja. Ninafundisha Biolojia katika shule ya sekondari, na mmea huu niliuhitaji kwa mada ya mwendo wa viumbe, mada ambayo kwa miaka mingi nimeifundisha kwa mchoro wa ubaoni, huku nikiwaomba wanafunzi waamini kwamba mmea unaweza kusogea mbele ya macho yao.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukutana nacho, kifauongo ni mmea mdogo wa jamii ya kunde, wenye shina la miiba na majani yaliyopasuka kama unyoya, ambao ukiguswa hufumba vijani vyake jozi baada ya jozi, kisha kikonyo kizima huinama kana kwamba kimevunjika. Asili yake ni maeneo ya joto ya bara la Amerika. Mwaka 1753 Carl Linnaeus aliuandika kwa jina la Mimosa pudica, na neno hilo la pili katika Kilatini maana yake ni mwenye haya. Wamalei nao huuita semalu, kutokana na malu, yaani haya, na huko India jina lake mojawapo, lajwanti, lina maana hiyohiyo. Waswahili hawakuona haya hata kidogo. Waliona kiumbe kinachojifanya kimekufa ili kiachwe, wakakipa jina linalokaribiana sana na kazi halisi ya tendo lenyewe, kama nitakavyoeleza mbele. Jambo hili niliwaambia wanafunzi siku ya kwanza kabisa, kwa sababu ninaamini kwamba mtoto akijua kuwa lugha yake imechunguza mambo kwa makini, naye atachunguza kwa makini.

Nianze na pakiti. Sanduku lake ni zuri, picha ya nje inaonyesha mmea uliojaa maua ya duara ya rangi ya waridi iliyokolea, na vidonge vya makumbi ni vya ubora ambao sina la kuulalamikia: ukivimwagia maji ya vuguvugu huvimba ndani ya dakika chache na kuwa tayari kupandwa. Tatizo liko kwenye karatasi ya maelekezo. Ilinitaka nibonyeze mbegu ndani ya kidonge, nimwagilie, niweke mahali pa joto na kusubiri siku saba. Nilifanya hivyo kwa mbegu kumi. Baada ya wiki tatu zilikuwa zimeota mbili tu.

Mtu yeyote aliyewahi kuotesha mbegu za jamii hii, zikiwemo za mlusina au za migunga, atatambua mara moja kilichokosekana. Mbegu ya kifauongo ina ganda gumu lisilopitisha maji, na ganda hilo ndilo linaloiwezesha kulala ardhini kwa miaka mingi ikisubiri wakati wake. Usipolilegeza, unaweza kumwagilia mwezi mzima bila mbegu kujua kwamba umemwagilia. Mbegu kumi zilizobaki nilizitia ndani ya kikombe, nikazimiminia maji ya moto yaliyotoka jikoni na kutulia kidogo baada ya kuchemka, nikaziacha humo hadi asubuhi. Zilizovimba nilizipanda, na zile zilizobaki ngumu nilizikwangua taratibu kwa msasa upande mmoja kabla ya kuzirudisha majini kwa usiku wa pili. Kati ya kumi hizo zilichipua saba, ya kwanza siku ya tano. Ina maana kwamba mbegu zilikuwa nzima na mwuzaji hakuniuzia takataka, bali alininyima sentensi moja ambayo ingeniokolea wiki tatu, na kwa bei ile ninaona ni kosa kubwa. Mzazi asiyejua habari ya maganda magumu angezitupa zote na kumwambia mwanawe kwamba zilikuwa mbovu.

Karatasi hiyo ina makosa mengine mawili ambayo kwangu, kama mwalimu, ni mazito zaidi. Kwanza, inasema kwamba mmea huu "una neva kama mnyama". Hauna. Mahali ambapo kikonyo cha jani kinaungana na shina, na pia chini ya kila kijani kidogo, kuna kinundu chenye seli zilizojaa maji, na msukumo wa maji hayo ndio unaolishikilia jani likae wazi, kama upepo unavyoushikilia mpira ukawa mgumu. Jani likiguswa, ishara ya umeme husafiri kwa kasi ya takriban sentimita mbili hadi tatu kwa sekunde. Inapofika kwenye kinundu, ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, za potasiamu na kloraidi hutoka ndani ya seli za upande mmoja, maji huzifuata, upande huo hulegea, na jani huanguka. Kuanguka huchukua sekunde chache tu, lakini kuinuka tena huchukua kati ya dakika kumi na nusu saa, kwa sababu ni lazima mmea utumie nguvu zake kurudisha ioni na maji mahali pake. Umeme upo, ila neva haipo, na misuli haipo. Mwanafunzi anayesoma kwamba ipo atajenga juu ya msingi uliopinda, na baadaye itamlazimu mwalimu mwingine aubomoe. Jagadish Chandra Bose, mwanasayansi wa Bengal aliyeanzisha taasisi yake ya utafiti mjini Kolkata mwaka 1917, alitumia miaka mingi na vyombo alivyovibuni mwenyewe kupima ishara hizo za umeme katika mmea huuhuu, na kwa maoni yangu nafasi iliyotumika kwenye karatasi kuandika habari ya neva ingetosha kumtaja yeye.

Kosa la pili ni la usalama. Pakiti imechapwa maneno kwamba mmea ni "rafiki kwa watoto na wanyama". Shina lina miiba midogo iliyopinda ambayo humchuna mtoto, na majani yana mimosini, sumu ileile iliyomo kwenye mlusina, ambayo ikiliwa kwa wingi huwadhuru mifugo, hasa wasiocheua, na mojawapo ya dalili zake ni kunyonyoka manyoya. Kugusa majani hakuna madhara. Kuwaacha sungura wa nyumbani wayale ni jambo jingine, na mnunuzi alistahili kuambiwa.

Sasa nije kwenye kitalu. Kipo chini ya miembe miwili, hakina kibao kikubwa, na miche ya matunda imewekwa mbele huku ya maua ikiwa nyuma karibu na pipa la maji. Mama mwenye kitalu alinisikiliza nilipoeleza ninachokitaka, akaenda moja kwa moja kwenye safu ya nyuma, akaleta kiriba, akaligusa jani moja kwa ncha ya kidole mbele yangu. Jani likafumba, kikonyo kikaanguka. Hakusema neno hadi nilipokuwa nimetazama vya kutosha.

"Mwalimu, huu usiuoteshe ardhini," akaniambia. "Ukae humuhumu kwenye kiriba au kwenye chungu. Ukishaupa ardhi, utautafuta mwenyewe kwa jembe."

Nilimwuliza kuhusu mbegu, akanionyesha vikonyo alivyokuwa ameyakata maua yake yalipoanza tu kunyauka, ili yasizae. Maganda ya kifauongo yana nywele ngumu pembezoni ambazo hunasa kwenye nguo na kwenye manyoya ya wanyama, na kila kipande cha ganda kinachobebwa kina mbegu inayoweza kusubiri kwa miaka. Ndiyo maana mmea huu umekuwa gugu sumbufu katika nchi nyingi za joto, kwenye malisho, kwenye mashamba na kwenye viwanja vya nyasi, ambako mtu anayepalilia bila viatu huukanyaga kabla ya kuuona, kwa kuwa kwa wakati huo tayari umekwisha kujilaza. Mama yule hakuwa na karatasi ya rangi wala sanduku, lakini kwa dakika kumi za mazungumzo alinipa kila kitu ambacho pakiti ya Sh 25,000 ilikificha au ilikikosea: aliniambia niuweke kwenye jua kamili angalau nusu ya siku, udongo usikauke kabisa wala usituamishe maji, nisiongeze mbolea ya chumvichumvi kwa sababu mizizi ina vinundu vyenye bakteria wanaojitengenezea naitrojeni, na nitazame chini ya majani kila wiki kama kuna utitiri mwekundu. Haya yote niliyahakiki baadaye na yote ni sahihi.

Kasoro ya kitalu ni moja na ni ndogo. Viriba vilikuwa vimekaa mno kwenye kivuli cha miembe, hivyo miche miwili kati ya mitatu ilikuwa imerefuka na kulegea, na ilihitaji siku kama kumi za jua la asubuhi kabla ya kuchangamka. Udongo nao ulikuwa na mfinyanzi mwingi, nikalazimika kuhamishia kwenye vyungu vyenye mchanganyiko wa udongo wa juu, mchanga na samadi iliyooza vizuri. Nilimweleza mama yule, naye akasogeza safu nzima palepale nikiwa nimesimama.

Ninapaswa pia kutoa tahadhari kwa wanaonunua kwa haraka. Kabla ya kufika hapo, mwuzaji mmoja wa njiani alinipa mche aliouita kifauongo, ambao nyumbani niliubaini kuwa ni mlusina mchanga. Mlusina nao hufumba majani usiku, na mtu akioneshwa jioni anaweza kudanganyika, lakini ukiguswa mchana haujibu kwa namna ya kuonekana. Tofauti ya haraka iko kwenye jani: la kifauongo lina matawi mawili hadi manne yanayotoka karibu mahali pamoja, kama vidole vya mkono uliokunjuliwa, ilhali la mlusina lina matawi mengi yaliyopangwa kwa jozi kando ya uti mrefu.

Thamani halisi ya mmea huu niliiona darasani, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiko fedha yangu ilikokwenda. Somo la kwanza lilikuwa la kugusa tu. Nilimtaka kila mwanafunzi aguse kijani cha mwisho kabisa kwa unyoya wa kuku, kisha atazame mfumbo ukitambaa kuelekea kwenye kikonyo, na wote waliweza kuhesabu sekunde. Wiki hiyo ya kwanza nilifanya kosa la kuwaachia wanafunzi zaidi ya 40 waguse watakavyo hata wakati wa mapumziko, na kufikia Ijumaa chungu kimoja kilikuwa na majani ya chini ya njano. Jani lililofumba halipati mwanga wa kutosha kujitengenezea chakula, kwa hiyo kila mguso una gharama, na mmea unaoguswa kutwa nzima unashinda na njaa. Tangu hapo kila chungu kina kikundi chake, na kila kikundi kina dakika zake.

Somo la pili lilimhusu Jean-Jacques d'Ortous de Mairan, mtaalamu wa nyota wa Ufaransa ambaye mwaka 1729 alieleza jinsi mmea wa aina hii ulivyoendelea kufumbua majani asubuhi na kuyafumba jioni hata ulipowekwa gizani. Tuliweka chungu kimoja kwenye stoo isiyo na dirisha kuanzia Jumatano jioni. Alhamisi saa moja asubuhi nilifungua mlango pamoja na wanafunzi watatu, tukiwa na tochi yenye mwanga hafifu, na majani yalikuwa wazi. Ijumaa yalifumbuka tena, ingawa kwa unyonge zaidi. Mwanafunzi mmoja akauliza mmea unajuaje kwamba kumekucha, na swali hilo ndilo lililoanzisha elimu nzima ya saa ya ndani ya viumbe.

Somo la tatu lilikuwa gumu kuliko yote na ndilo lililopendwa. Mwaka 2014 Monica Gagliano na wenzake walichapisha jaribio ambalo waliviangusha vyungu vya kifauongo kutoka kimo cha sentimita 15, mara nyingi mfululizo, wakaona kwamba baada ya muda mimea iliacha kufumba, na wiki kadhaa baadaye ilikuwa bado haijali kuangushwa. Sisi tuliangushia kwenye sponji nene ya godoro. Mara za kwanza majani yalifumba. Kadiri tulivyoendelea yalibaki nusu wazi, kisha wazi kabisa. Ili kujua kama mmea ulikuwa umechoka tu, mwanafunzi aliligusa jani kwa kidole, nalo likafumba mara moja. Wanasayansi wanabishana hadi leo kama jambo hili linastahili kuitwa kumbukumbu, na niliwaambia wanafunzi hivyohivyo, kwamba walichokiona ni cha kweli na jina lake bado linagombaniwa.

Kuhusu sababu ya mmea kujisumbua hivi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Saitama, Japani, walionyesha mwaka 2022 kwamba vifauongo vilivyofanywa visiweze kufumba majani vililiwa zaidi na panzi kuliko vile vinavyofumba. Kufa kwa uongo ni kinga ya kweli. Niliposoma matokeo hayo darasani nilirudi kwenye jina la mmea nikaliandika tena ubaoni, na ninakiri kwamba nilijisikia fahari.

Miche yangu ya pakiti imekua pia, na sasa, miezi minne baadaye, mitano kati ya tisa ni mizima na miwili imetoa maua. Maua ni mazuri kama picha ilivyoahidi, ingawa kila ua hudumu takriban siku moja tu, jambo ambalo picha haikulisema. Faida moja ya pakiti ni kwamba wanafunzi waliona jani la kwanza kabisa likijibu mguso, mche ukiwa haujafika hata urefu wa kidole gumba, na hilo huwezi kulipata kwa kununua mmea mkubwa. Kwa sababu hiyo sitasema pakiti haina maana. Kama unataka kuotesha tangu mwanzo, mwombe mtu wa kitalu akuuzie mbegu chache, uzilowanishe kwenye maji ya moto usiku kucha, utumie kiriba na udongo wa kawaida, na utakuwa umepata yote hayo kwa sehemu ndogo sana ya bei. Pakiti ninaipa alama mbili kati ya tano, moja ya vidonge na moja ya uzima wa mbegu. Kitalu ninakipa nne na nusu.

Wanaoishi kwenye baridi, kama Lushoto au Njombe, wategemee mwendo wa polepole zaidi kuliko tunaouona hapa pwani, kwa kuwa mmea huu hujibu vizuri penye joto. Dirisha linalopata jua litasaidia. Wenye watoto wadogo wauweke mahali ambapo mtoto anafikia majani bila kulishika shina. Wenye bustani wakate kila ua linapoanza kunyauka, au walifunge kwa kipande cha chandarua kama wanahitaji mbegu, na maganda yaliyokauka wayahesabu kabla ya kuyahifadhi.

Na unapokwenda kununua, nenda asubuhi au mchana, uguse jani kabla ya kutoa fedha. Ukifika jioni utakuta miche yote imekwisha kufumba kwa ajili ya usiku, ya kifauongo na ya mlusina, na hutaweza kujua umeuziwa upi.